Si Kambo Aliyekuua, Trésor

Trésor, mdogo wangu,

Nilifaulu mtihani wa taifa. Hakuna aliyenimwagia poda kichwani, kama wanavyomwagiwa wote wanaofaulu. Wewe ndiye uliyeniahidi kopo zima, na wewe hupo, na nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Unakumbuka sikukuu ya komunyo kule Hewa Bora? Tantine Odette, dada yake Baba, alimleta Glody wake, vipele mwili mzima, macho mekundu. Mama alimwambia: "Huyu wangu anakunywa dawa ya figo, dawa hiyo imeshusha kinga yake." Tantine akacheka: "Eh! Mashavu yote hii, na iko mugonjwa? Ni surua tu. Bote balale pamoja, ipite mara moja, tumalize."

Mashavu! Dawa ndiyo iliyokuvimbisha mashavu!

Akawalaza kwenye godoro moja. Glody akapona. Wewe ulipata homa kidogo, hata vipele havikutoka vizuri, tukashukuru Mungu. Miezi ikapita. Halafu mkono wako wa kushoto ukaanza kurukaruka wenyewe, hata ukiwa usingizini. Ukaufanyia mzaha, ukaniita mimi dada yako: "Yaya, ona, mukono inacheza rumba, miye siko mukati." Nilicheka. Baadaye maneno yakaanza kukupotea, moja moja, mpaka likapotea na jina langu.

Daktari alinieleza mimi, kwa Kifaransa, kwa sababu Mama hakuweza kusikiliza. Virusi vya surua havikutoka mwilini mwako. Mtoto mwenye kinga nzuri huvishinda. Kwako vilipanda kwenye ubongo vikafanya kazi yao polepole. Ni nadra sana, alisema, yeye mwenyewe alikuwa amesoma tu vitabuni. Dawa ya kuvitoa humo hakuwa nayo.

Sasa sikiliza. Tantine, aliyelia kuliko wote matangani, aliyejigaragaza chini mbele ya watu, anazunguka kwa ndugu akimwita Kambo, bibi yetu, mchawi: "Ule muzee ndiye alimukula mutoto." Eti kwa sababu Kambo ni mama yake Mama, si mtu wa ukoo wa Baba. Eti ndiye aliyekuwa anakulisha uji. Kambo, Trésor! Aliyekuwa anaushika mkono wako na kuuimbia kama mtoto mchanga, ili utulie! Jumapili baada ya misa familia itakaa, wamfukuze, arudi Kambove kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mama anamwogopa wifi yake. Baba anaangalia viatu vyake. Ninayeweza kusema ni mimi, na sauti yangu unaijua. Ulikuwa unanicheka: "Yaya Bibiche, unasemaka sawa muntu anaomba chumvi kwa jirani."

Jumapili sitaomba chumvi. Nitasimama mbele ya wazee nitaje surua, nitaje godoro, nimtaje Tantine akiwa amekaa palepale. Glody sitamgusa, alikuwa mtoto mwenye homa, hakujilaza mwenyewe pale. Nikitetemeka, nitasema nikitetemeka. Wakimfukuza Kambo, watuone tukitoka wawili.

Pumzika, mdogo wangu. Mkono wako nao upumzike. Jumapili jioni nitakuja kaburini kwako na kopo la poda, nijimwagie lote kwa niaba yako. Ukiona kichwa changu kimebaki cheusi, bila poda, ujue nilinyamaza.

Yaya wako,
Bibiche