Chakula cha Msiba kwenye Tovuti ya Marlys

Nyumbani kwa Mama,
Barabara ya Kinu,
Elmdal, Minnesota.
Tarehe 9 Novemba.

Mpendwa kaka Delmar,

Hujambo huko Alaska? Goti lako je, limepona au bado unapanda ngazi kwa matusi? Sisi huku tunapumua. Theluji ya kwanza ilianguka juzi, mimi ni mzima, na mama bado anakula uji wake huku akilalamika kwamba hauna sukari. Daktari anasema moyo wake umechoka, hauna safari ndefu tena. Mama anasema daktari ajiangalie kitambi chake kwanza.

Uliniuliza kwa simu kwa nini sisemi na mdogo wetu Marlys, nikakukatisha kwa sababu mama alikuwa anasikiliza. Sasa amelala, nami nakwambia. Nimechefuka, Delmar. Nikisikia gari lake nje, natokea mlango wa nyuma.

Unakumbuka alivyotaka kuwa na tovuti yake. Alianza kuandika kuhusu bustani, akaacha. Akaandika kuhusu paka, akaacha. Kisha akasoma mahali kwamba siri ni kupata mada moja ambayo wengi wanaitafuta na wachache wameiandika. Basi kwenye mazishi ya shangazi Inga, sisi tukilia, yeye akainua uso kutoka kwenye sahani na kuniambia, "Ardis, mada nimeipata! Chakula cha msiba!" Alifurahi kama aliyeokota pochi njiani.

Mwanzoni sikuona ubaya. Mimi ndiye msimamizi wa jiko la chini ya kanisa, najua watu huuliza wawapelekee nini wafiwa. Akaandika kuhusu skonzi zetu za nyama ya nguruwe, na lile bakuli la tambi, nyama ya kusaga na supu ya uyoga ya kopo, hata jinsi ya kubandika jina chini ya bakuli lisije likapotea. Watu wakasoma, wakamsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akasema mada kuu ni shina, sasa linataka matawi: uvae nini, ulie kiasi gani, mjane umwambie nini. Na kila tawi na picha zake. Akaanza kwenda mazishi ya watu asiowajua, hadi wilaya ya pili, gauni jeusi mwilini na simu mkononi.

Mwezi uliopita tulimzika mzee Orrin Lund. Mkewe Gladys hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mumewe akate roho. Nikampakulia, akashika kijiko, mara Marlys huyo.

"Gladys, mpenzi, hebu usikivuruge chakula kwanza. Mwanga wa dirishani ndiyo kwanza umekaa vizuri."

Gladys akaweka kijiko chini. Akangoja, Delmar! Mjane akangoja chakula chake kipigwe picha, na sisi wote tukatazama viatu vyetu. Unatujua watu wa huku, tukiudhika tunaosha vyombo. Siku ile niliosha hata vilivyokuwa safi. Kesho yake mkono wa Gladys, na pete yake ya ndoa, uko mtandaoni chini ya maneno "Kumfariji mjane kwa bakuli moja". Kufa kufaana, lakini si hivi.

Hayo ningeyameza. Jumapili nikafungua tovuti nione kama ameuondoa ule mkono, maana nilimwomba. Hakuuondoa. Ila palikuwa na tawi jipya, limeandikwa kwa herufi za maua: "Msiba wa mama yangu, sahani kwa sahani". Na chini yake: "Inakuja hivi karibuni".

Mama alikuwa nyuma yangu kitini, anafuma soksi.

"Nini hicho kinachokuja hivi karibuni?" akauliza. Macho yake bado makali, sikuweza kumdanganya. Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Kisha akaiweka soksi mapajani.

"Kumbe ndiyo maana wiki nzima ananiuliza napenda keki gani," akasema. "Mimi nikadhani anataka kunipikia."

Nililia jikoni, sikutaka anione. Nikampigia Marlys. Hana haya wala hajui vibaya.

"Acha ushamba, Ardis. Watu wanasubiri. Huoni ni heshima kwa mama?"

Nikamkatia simu. Mama akaniagiza nimwite mchungaji, na alipokuja akamwambia waziwazi: "Kwenye mazishi yangu hapaliwi kitu. Kahawa tupu, bila maziwa, bila biskuti. Yule binti yangu akapige picha kahawa." Mchungaji alidhani ni mzaha. Mama hakutania, akanishika mkono akaniapisha.

Unaelewa aliloniomba? Nimewapakulia wafiwa wa kanisa zima maisha yangu yote, halafu mama yangu mzazi nimzike watu wakiwa na njaa, wengine wametoka mbali kwenye theluji. Nitasemwa mpaka nami nife. Naona aibu tangu sasa. Lakini nimeapa, na birika kubwa la kanisa nimeshalisugua.

Kwa hiyo usingoje simu ya usiku, kaka. Njoo sasa. Jana nilimwokea mama ile keki ya lozi aliyomtajia Marlys. Amekula kipande, kingine kaniambia nikufichie wewe. Hakuna aliyeipiga picha.

Msalimie wifi Jolene, na umwambie zile soksi za mama ni zake. Wabusu watoto. Mjomba Thorvald anakusalimu, naye bado anadai ulimpotezea shoka. Mungu akulainishie barabara, akufikishe mama akiwa bado na ulimi wa kukugombeza.

Ila ukichelewa, kula njiani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Ardis