Siri Niliyompa Masunga

Jumatatu, 2 Juni
Sindano saa kumi na mbili. Chai bila sukari, kiporo cha viazi vitamu ambacho najua sitakiwi kula. Kipimo cha sukari: kumi na nne. Nimechoka na ugonjwa huu. Kliniki ni Alhamisi, na muuguzi atanigombeza tena mbele ya watu. Mimi, niliyefundisha nusu ya Bariadi kusoma.

Jumatano, 4 Juni
Jana jioni nilipita kwa jirani. Gongo, vikombe viwili. Sikula. Leo asubuhi kipimo kinasoma tano. Nikatoboa kidole kingine. Tano. Mikono ilitetemeka kidogo, nikadhani ni furaha.

Alhamisi, 5 Juni
Muuguzi kanisifu. Gongo sikulitaja.
Nikampigia Masunga, mdogo wangu kule Migato. Naye anajidunga kama mimi. Nikamwambia gongo linashusha sukari, nimepima mwenyewe.
"Kaka, kumbe dawa tunayo nyumbani."
Tulicheka sana. Nilijiona profesa.

Jumamosi, 7 Juni
Masunga anavuna pamba leo. Kaalika majirani. Kwetu aliyekuja kukusaidia shambani humlipi, unamnywesha, na mwenye shamba hunywa nao. Sikwenda. Mgongo.

Jumapili, 8 Juni
Shemeji, mke wa Masunga, kapiga simu. Jana mumewe alijidunga asubuhi, akasema chakula baadaye. Saa nne akaanza gongo na wavunaji. Saa sita akawa anaropoka, jasho linamtoka, akaanguka. Watu wakacheka. Kalewa huyo, mwacheni alale. Wakamlaza kivulini wakarudi kwenye pamba. Shemeji alikuwa kisimani na jikoni, akaambiwa hivyo hivyo. Saa kumi na moja alipokwenda kumwamsha ale, alikuwa wa baridi na hageuki. Hospitali wakakuta sukari karibu imekwisha mwilini.
Muda wa saa tano nzima amelala pale.

Jumanne, 10 Juni
Nimekaa hospitali tangu asubuhi. Daktari kaeleza polepole. Sukari ikishuka, ini hutoa akiba yake. Pombe hulizuia ini. Ukiongeza sindano na njaa, hakuna cha kukuokoa. Na mtu ambaye sukari imemshuka hufanana na mlevi, ndiyo maana watu humwacha.
Ile tano yangu haikuwa nafuu. Nilikuwa nateremka.
Nikauliza ataamka lini. Akasema ubongo umekaa muda mrefu bila chakula. Hakutaja siku.

Ijumaa, 13 Juni
Nilikwenda kumwambia shemeji ukweli. Nikamkuta anamgeuza mumewe ubavu, peke yake. Nikamsaidia. Nikaondoka bila kusema. Mwoga mkubwa.

Jumapili, 15 Juni
Najichukia.

Jumatano, 25 Juni
Migato. Masunga karudishwa nyumbani. Macho yako wazi. Nilimwambia mwadila, salamu yetu ya Kisukuma, hakuitika. Hajui jina langu wala la mwanawe. Shemeji anamlisha uji kwa kijiko, unatoka pembeni ya mdomo, anafuta, anajaribu tena.
Alipomaliza alinawa mikono, akaniletea boksi la sindano.
"Shemeji, mimi sikusoma. Wewe ndiye unayejua mambo ya sukari. Alikuwa anakusikiliza wewe tu."
Nikalipokea. Nikamwonyesha kiasi cha asubuhi na kiasi cha jioni, na kwamba lazima ale kwanza. Alirudia maneno yangu mara mbili ili asisahau.