Samli na Kitana cha Moto

Ilongero

Mjukuu wangu Sara,

Marahaba. Babu yako anakohoa ila anakula, na uwele umekubali mwaka huu. Mimi ndiye sijatulia tangu nisome barua yako. Unauliza kama ni kweli mafuta ya asili huzuia joto lisiunguze, maana Jumamosi mdogo wako Ana atakunyoosha nywele kwa chuma cha moto.

Sisi tuliamini hivyo, enzi za Mwingereza. Dada yangu mkubwa, Marita, alikuwa anaolewa, akataka nywele zilale kama za mke wa karani. Mhunzi alitufulia kitana cha chuma. Marita akajipaka samli kichwa kizima, akaniambia, "Pitisha tu, mafuta yatanilinda." Nikakitoa kitana motoni, nikakipitisha juu ya sikio. Samli ikachemka, ikatiririka hadi kwenye ngozi kabla sijaondoa mkono.

Wala haikuwa samli mbaya. Ilitoka kwa ng'ombe wetu wenyewe, maziwa tuliyasukasuka kwenye kibuyu kwa mikono yetu.

Utotoni uliniuliza kwa nini Bibi Marita havui kitambaa hata akilala. Nilikudanganya kuwa anaogopa baridi. Pale juu ya sikio hapajaota unywele tena. Hajawahi kunilaumu, asubuhi ya harusi alinipa kitambaa tu, akainamisha kichwa nikamfunga.

Jumamosi imekaribia, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi akuletee mkononi. Kichwa ni chako, Sara. Lakini nakuomba, chuma hicho usimshikishe Ana.

Bibi yako