Wameupaka Muo Wako Vanishi

Mama,

Wameupaka muo wako vanishi. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ndilo linaninyima usingizi.

Muo wetu wa kuchimbia, mti mtupu uliolainishwa na viganja vyako. Tulipomaliza kukuzika, shemeji yako Mutiso aliuchukua nikiwa nimeenda kuteka maji. Hakuuliza mtu. Kufika soko la Kathiani nasikia eti sasa ndio alama ya Wakamba, uko kwenye fulana za kikundi chake cha utamaduni na kwenye bango. Na ile ncha iliyolika upande mmoja kwa kupanda mbaazi, wameichonga ikawa kali kama mkuki, wageni wapendezwe. Wewe ulimchoma nani na mkuki, Mama?

Siku ya sherehe nilienda. Mutiso akauinua jukwaani, akasifu wanawake waliotulisha wakati wa njaa. Watu wakapiga makofi. Halafu akaninyooshea kidole: “Na yule pale alikuwa mfanyakazi wake.”

Mfanyakazi. Ulinioa mbele ya ukoo mzima, mwanamke kwa mwanamke, kwa vile hukujaliwa mtoto na hukutaka nyumba ya mumeo izimike. Wana niliokuzalia wanaitwa kwa jina la mumeo. Msimu wangu wa kwanza hapa nilikuwa nachimba kwa hasira, nikililia kwetu Matuu, ukanishika mkono ukasema, “Pole pole, mwanangu, udongo haujakukosea.” Nani huongea hivyo na mfanyakazi?

Najua anachotafuta Mutiso: shamba lako. Mfanyakazi akiambiwa aende, anafunga mzigo, shamba linabaki. Ameshaniambia mvua isinikute hapa.

Basi nikasimama. Ulizoea kusema mdomo wangu utaniponza. Siku hiyo niliuacha uniponze. Nikamwuliza watu wote wakisikia: “Mzee, mbuzi wa ntheo waliochinjwa nikiolewa, wewe ulikula mguu mzima. Ile nyama ilikuwa ya nini? Ya kuandika kibarua?”

Wazee walicheka, maana karibu wote walikula. Hata mtoto wa hapa anajua mbuzi wa ntheo wakishaliwa, huyo ni mke, hakuna mjadala. Mutiso akabaki ameshika maikrofoni. Nikapanda jukwaani nikachukua mti wetu nikaenda nyumbani. Vanishi nimeikwangua kwa kisu, lakini ncha yako hairudi, na hiyo sitamsamehe.

Hayajaisha. Amesema tutaonana kwa chifu. Tuonane tu. Niko na mashahidi, nitawaleta wale wazee wote na matumbo yao.

Pumzika, Mama. Nakuahidi jambo moja: siondoki. Na siku yangu ikifika, watanichimbia kaburi hapo kando yako, mahali pa mke.

Mimi wako,
Nduku