Pomboo na Kipande cha Kanga

Kwako dada Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie huko Pangani, wewe na kichanga chako. Mie huku Mtoni kwa shangazi nimenona kwa samaki, na jana nusura tule tusichokijua.

Maji yalikupwa yakamwacha pomboo mchangani. Mume wa shangazi akaja na kisu. "Samaki hachinjwi," akasema, "tumkate tu." Jirani yake muuza nyama akabisha: "Samaki gani huyu, katoka majini na bado anapumua, tena kwa tundu la utosini? Huyu mnyama, sharti achinjwe!" Wakabishana mpaka jasho likawatoka, na pomboo anawapulizia tu, pfuu! Ngozi yake haina gamba, laini kama yai lililomenywa.

Shangazi alikuwa akimmwagia maji. Mara akaona maziwa yanamchuruzika tumboni, na kule kwenye kina kitoto kinazunguka, kinaibuka kuvuta pumzi, kinazama. Akajifunga kibwebwe.

"Nyie wanaume! Mzazi huyu, arobaini haijatoka, mnamshikia visu?"

Wakanywea. Sote tukamtandikia kanga, tukamburura hadi majini. Akapiga mkia, akatulowesha, akamfuata mwanawe.

Dada, endelea kunywa uji wako wa pilipili manga na usiniwekee kinyongo. Ile doti niliyokununulia nakuletea kipande kimoja. Cha pili kaondoka nacho mzazi mwenzio.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura