Isale Kando ya Bwawa

Jumatatu, 8 Julai 1912
Asubuhi langoni pa maji, kama kawaida. Nimefungulia mfereji wa kahawa ya Bwana, mzungu mwenye shamba, kisha nikasahau kazi, nikatazama ndege. Mtu mzima na mvi zangu! Wahunzi wametaga. Ndivyo ninavyowaita: weusi kwa weupe, mlio ting-ting kama nyundo. Viota viwili kwenye tope lililokauka. Kuviita viota ni heshima tu. Ni vishimo vyenye vijiwe.

Zamani hapa palikuwa kinamasi, nyasi hadi kifuani. Bwana akataka bwawa, tukachimba. Nami nilichimba. Sasa ndege wamebakiwa na ukingo huu, na ndipo ng'ombe wa jirani yangu Baba Elia hupita kwenda kunywa.

Jumanne, 9 Julai
Nimepata akili. Kila kiota nimekichomekea kando isale, mmea wetu wa kuwekea mpaka, shina nene, kimo cha kiuno. Majani nimeyakata yasipepee yakatisha ndege. Mmeru hapiti penye isale; ni katazo tangu kwa babu zetu. Baba Elia kaliona, kageuza ng'ombe bila kuuliza. Nilijiona mkubwa kuliko Bwana.

Alhamisi, 11 Julai
Kunguru. Amekaa juu ya isale la kwanza kama mzee wa kanisa, anatazama chini. Nimekimbia, nimeteleza, nimelala topeni kifudifudi. Nilipofika, maganda tu.

Ukingo mzima haukuwa na hata kijiti. Mimi ndiye niliyempa kiti.

Mke wangu amecheka mpaka akashika ukuta. "Baba Yona, ng'ombe umewafukuza, kunguru umemkaribisha!" Nimecheka naye. Ndizi nimeziacha chunguni.

Ijumaa, 12 Julai
Nimeyang'oa yote mawili kulipopambazuka. Kisha kwa Baba Elia, kumweleza. Kumbe alidhani nina kesi naye ya mpaka! Amekuwa akiwazungusha ng'ombe hadi mtoni, na goti lake lile bovu. "Si ungesema tu, ndugu yangu?"
Aibu juu ya aibu.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya ibada nimesimama mbele ya kiota cha pili, ng'ombe wa Baba Elia wakipita. Mhunzi akanirukia kichwani, kofia ikaanguka. Sikuiokota mpaka alipopita ng'ombe wa mwisho. Mayai yapo.

Yule mhunzi wa kiota cha kwanza bado anazunguka penye tundu nilipong'oa isale langu. Hapigi nyundo. Anatembea tu.