Baba Alipouliza Yuko Mfuko Upi

Shuleni Buswahili,
Musoma.
22/1/1998

Mpendwa wifi Benedikta,

Hamjambo huko Tabora? Shemeji Stanislausi kifua kimepona? Sisi wazima, na baba yako mzima, ila tunalala darasani tangu Jumapili. Mto umeingia nyumbani.

Hii mvua wanayoiita Elinino ilianza kututisha toka Desemba. Mwenyekiti akapita akisema kila kaya ifunge mzigo wa kukimbilia shuleni. Basi nikajaza mfuko ule mkubwa wa shangazi kaja: unga wa mtama, chumvi, sufuria, kadi za kliniki, viberiti ndani ya nailoni, betri za tochi. Siku hizi betri zimejaa madukani, si kama miaka ile ya foleni. Unanijua nilivyo. Mwenyekiti alinisifu mbele ya majirani, nikavimba kichwa.

Baba alikuwa kakaa barazani ananitazama. Akauliza, "Na mimi niko mfuko upi?"

Nilicheka, kumbe hakuwa akitania. Tangu kiharusi kimpige miguu, Makongoro ndiye anambebaga, na mume wangu huyo bado yuko machimboni. Mimi mkamwana sijawahi hata kumshika mkono. Desturi ya kwetu unaijua: chumbani kwake siingii, chakula anapelekewa na binti yangu Boke. Ungekuwepo wewe binti yake wa kumzaa, isingekuwa shida.

Jumapili mchana wanaume walikuwa wamepandisha ng'ombe mlimani, maji yakaja. Niliwatanguliza watoto na Boke, nikajitwisha mfuko, nikafika kwenye ua wa michongoma. Wifi, niliogopa sana, na si maji niliyoyaogopa. Nikautua mfuko, nikarudi, nikasimama mlangoni kwake nikasema, "Baba, naingia." Maji yalikuwa yamenifika magotini ndipo akasema, "Ingia, mama."

Nikamfunga mgongoni kwa blanketi, vile tunavyobebaga watoto. Alifumba macho njia nzima. Baba yako ni mzito, usidanganyike na ule wembamba. Mfuko sikuuona tena, tunakula kwa majirani.

Sasa wazee wa ukoo wanasema nimemvunjia heshima. Wanataka mbuzi wa kututakasa, na wanataka wewe binti mkubwa useme kama nibaki kwenye nyumba ile au nirudi kwetu Mugeta. Baba amewajibu kwamba mbuzi atatoka zizini kwake. Hilo la pili wamesema si lake, ni lako.

Makongoro nimemtumia habari, hajajibu. Boke na wadogo zake wanakusalimu, nawe nisalimie wanao, Marieta na wenzake. Mungu awakalishe salama pakavu.

Neno lako nalingoja, wifi, liwe lolote. Ukiona nimekosa, andika hivyo hivyo, nitafunga vyangu niondoke. Lakini mto bado unapanda, na ukifika hapa kabla barua yako haijafika, nitambeba tena.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Nyangi